Bakiza ya Mwisho

Machi 7, Jumamosi

Naandika kwenye kaunta buku kwa sababu laptopu imenikatalia. Nilikuwa nimeandika aya mbili za mradi wa Jiografia, nikabonyeza kuhifadhi, ikajibu hakuna nafasi. Yaani haina nafasi ya aya mbili, ila ina nafasi ya filamu sitini na moja za kaka yangu Derick, nimezihesabu, na picha mia nane za mahafali yake ya chuo, nusu yake kidole kimeziba kamera.

Laptopu ni ya Baba. Aliinunua ikiwa imeshatumika, enzi zile akiwa karani wa stoo kwenye shamba la maua kule Usa River. Sasa haigusi. Tangu kiharusi cha Januari mkono wake wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine, na maneno yote yamemtoka yakabaki mawili, "basi" na "hapana". Anashinda kwenye kiti cha dirishani akiangalia mvua inavyougeuza uwanja wa nyumba yetu hapa Elerai kuwa tope. Kuna wakati mkono wa kushoto unafunga ngumi, unafunguka, unafunga tena. Mama anasema ni maumivu, anampa dawa. Mimi nadhani ni hasira. Na nadhani anayemkasirikia zaidi ni mimi.

Shuleni tunaandika shajara kwa Kiingereza na Madam anasahihisha. Hii ni ya Kiswahili na hasahihishi mtu.

Machi 9, Jumatatu

Mvua. Mradi ni kabla ya mwisho wa Aprili. Laptopu imechukua dakika kumi na moja kuwaka.

Machi 14, Jumamosi

Leo nimeisafisha. Naandika hatua zote ili nikumbuke nilivyofanya, maana nimejisikia fundi.

Kwanza nilimwomba Derick, kwa kuwa yeye ndiye aliyesomea kompyuta Dar miaka mitatu. Alikuwa kwenye kochi na simu yake. Hakuinuka.

"Dogo, hiyo siyo kazi ya kumwamsha mtu. Programu usiyoijua, toa. Kitu hakijafunguliwa mwaka mzima, toa. Ukiona jina moja lina namba, moja, mbili, tatu, nne, hizo ni kopi. Mtu alikuwa anahifadhi, anarekebisha, anahifadhi tena. Bakiza ya mwisho."

"Ya mwisho ndiyo ipi?"

"We Sia, na kuhesabu nako? Yenye namba kubwa."

"Na filamu zako?"

"Filamu usiguse. Hizo zinatumika."

Nikaanza na desktopu. Ilikuwa imejaa vijipicha hadi huoni nyuma kuna nini. Nilipovitoa nikaona kumbe Baba aliweka picha ya Mlima Meru. Miaka yote hiyo upo na hatuuoni, kama ulivyo nje sasa hivi na haya mawingu.

Nikatoa programu kumi na nne. Nikafuta kila kitu kwenye flashi ya Baba ili nipelekee mradi shuleni. Kisha nikafika kwenye folda yake, KWAYA. Baba ni mwalimu wa kwaya ya usharika wetu tangu sijazaliwa, na nyimbo zote wanazoimba anatunga yeye. Faili mia mbili themanini na nne. Shukrani 1, Shukrani 2, Shukrani 3, Shukrani 4. Mawe 1, Mawe 2, hivyo hivyo hadi chini. Nikafungua mbili nihakikishe. Ni nota, mistari ya d na m na s, vinukta, vistari. Kwangu zilifanana kabisa. Sijui nota. Nilikataa kwaya nikiwa na miaka tisa, siku Baba aliponisimamisha mbele ya watu niimbe peke yangu nikajikojolea. Hakunilazimisha tena. Sidhani kama alinisamehe.

Nikabakiza za nne. Zikatoka mia mbili kumi na tatu.

"Usisahau kapu," Derick akasema bila kuangalia. "Taka ikiwa kapuni bado iko ndani ya nyumba."

Nikamwaga kapu.

Machi 15, Jumapili

Inawaka kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu. Ule mstari mwekundu wa kuonyesha imejaa umekuwa wa buluu, na upande wake mweupe umeanza kuonekana. Mama kasema, "Sia, umefanya jambo." Nikambebea Baba dirishani aione. Aliangalia ile picha ya mlima muda mrefu. Halafu ngumi.

Machi 19, Alhamisi

Mvua tangu asubuhi. Viatu havijakauka tangu Jumatatu.

Machi 22, Jumapili

Naandika usiku, wote wamelala.

Baada ya ibada walikuja wageni wawili wa kwaya. Mzee Ndesanjo, ambaye macho yake yana ukungu na anatembea akishika kuta, na Mama Namelok, katibu, ambaye hajawahi kunyamaza hata akiwa anakunywa chai. Nikawaamkia, nikataka kukimbilia jikoni kama kawaida yangu.

"Kaa hapa, mwanangu, leo wewe ndiye tunayekutaka," Mama Namelok akasema. "Jubilei ya kwaya ni Mei ishirini na nne, siku ya Pentekoste. Miaka ishirini na tano. Mwalimu alituambia Krismasi kwamba wimbo wa jubilei ameshaumaliza, Mawe Kumi na Mawili, ila hakuwahi kutufundisha, ndiyo yakampata haya. Si hivyo, Mwalimu? Tutajifundisha wenyewe. Tunaomba utuprintie tu. Sauti zote nne."

Sauti zote nne.

Nimekulia nyumba ya mwalimu wa kwaya. Nimesikia tangu nikiwa mgongoni: sauti ya kwanza ni wanawake wa juu, ya pili wanawake wa chini, ya tatu wanaume wa juu, ya nne wanaume wa chini. Mawe 1, Mawe 2, Mawe 3, Mawe 4. Hazikuwa kopi.

Mama Namelok alishavuta laptopu, kidole kinashuka kwenye orodha.

"Mbona naona ya nne tu. Shukrani, ya nne. Njia Panda, ya nne. Ya kwanza ziko wapi?"

"Yangu ipo?" Mzee Ndesanjo akauliza. Yeye anaimba sauti ya nne tangu kwaya inaanza.

"Yako ipo, Baba Ndesanjo. Zipo zako tu. Nyimbo zote ni zako."

"Basi kwaya imekuwa ya mzee mmoja," akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Mama akaita, "Derick!" Akatoka jikoni na birika. "Umefanya nini kwenye kompyuta ya baba yako?"

Derick akaniangalia. Mimi nikaangalia kapeti. Lina doa la chai lenye umbo la kiatu, nalijua vizuri sasa.

"Nilisafisha," akasema.

"Ulisafisha. Kazi ya baba yako ya miaka yote. Umerudi na cheti cha kuja kutufutia."

"Hapana," Baba akasema kutoka dirishani. Ngumi ikafunga. Mama akamfunika miguu, akamwambia apumzike. Hakuna aliyeuliza hapana nini.

Machi 23, Jumatatu

Ni mimi. Hapa angalau niseme. Ni mimi niliyebonyeza, mara mia mbili kumi na tatu, na jana nilikaa kimya mtu akitukanwa.

Na bado nina hasira na kila mtu. Na Derick, kwa kanuni zake za kwenye kochi. Na Mama, kwa kuamini haraka hivyo. Na Baba ndiyo zaidi. Kwa nini hakuandika "sauti"? Herufi tano tu. Mtu anayeweza kuandika vinukta elfu kumi anashindwa kuandika herufi tano?

Nimekokotoa uzito wake. Zote mia mbili kumi na tatu kwa pamoja hazifiki dakika moja ya filamu ya Derick. Nilitupa vitu vyenye uzito wa unyoya ili kuwapa nafasi watu wanaopigana mateke juu ya paa la treni.

Machi 28, Jumamosi

Laptopu tumempelekea fundi, Rachel, mwenye kibanda Daraja Mbili. Derick ndiye aliyesema twende. Rachel aliifungua, akavuta midomo.

"Mlifuta lini?"

"Wiki mbili," nikasema. Nadhani hakunisikia. Derick akarudia.

"Na mkaendelea kuitumia."

"Kidogo," Derick akasema.

"Kidogo nini? Naona mchezo wa mpira hapa umeingia Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Naona filamu tisa mpya." Akatugeukia. "Sikilizeni. Kitu ukikifuta hakiondoki saa ile ile. Kinanyang'anywa jina tu, chenyewe kimekaa pale pale. Mngeizima siku ile mkaniletea, ningekirudisha kama kilivyo. Nyie mmeenda kukijengea uwanja wa mpira juu."

Amepata faili sita. Nne ni ratiba za kikao cha harusi ya mtu. Moja haifunguki. Moja ni Shukrani 3.

Kurudi tulitembea, mvua ikitunyeshea tu. Nikamuuliza kwa nini alisema ni yeye.

"Si mimi niliyekwambia bakiza ya mwisho? Na mpira ni wa nani?"

"Aliyebonyeza ni mimi."

"Baba akinikasirikia mimi, keshanizoea," akasema. "Wewe ungekufa pale pale kwenye kapeti."

Sasa inabidi nimshukuru. Hilo nalo linaniudhi.

Aprili 5, Pasaka

Kwaya imeimba Shukrani. Nyimbo walizokwisha kufundishwa wanazo vichwani. Mama Namelok kasema watazikusanya taratibu kwa kuimba. Mawe ndiyo hakuna aliye nayo, ila Baba.

Aprili 11, Jumamosi

Mzee Ndesanjo alikuja kumsalimia Baba. Mama alikuwa dukani, Derick sijui wapi, nikabaki mimi wa kumkaribisha. Nikamwekea kiti karibu kabisa na cha Baba kwa sababu ya macho yake. Nikamimina chai. Ngumi ikafunga, ikafunguka.

"Samahani, Mzee," nikasema. "Huwa anakuwa na hasira saa hizi."

Mzee Ndesanjo aliuleta uso wake hadi karibu na ule mkono. Ngumi. Kisha kiganja kimelala sawa kama anapapasa meza. Kisha kiganja kimesimama kinamtazama mwenyewe. Kisha ngumi tena. Mzee akaanza kuimba polepole, kwa ile sauti yake ya chini, nota nne.

Baba akafumba macho.

"Hivi tangu lini?" Mzee akaniuliza.

"Tangu atoke hospitali."

"Hiyo siyo hasira, binti. Hiyo ni doh." Akainua ngumi yake mwenyewe. "Ngumi doh. Kiganja cha kulala mi. Hiki cha kusimama so. Kabla kwaya haijapata hata ubao, Mwalimu alitufundisha nyimbo zote hivi, kwa mkono. Wale vijana wa sasa hawajui. Mlikuwa mnafanya nini akifanya hivi?"

Sikumwambia. Tulikuwa tunampa dawa ya maumivu.

Mzee akainama. "Mwalimu. Ni Mawe?"

"Basi," Baba akasema. Nimesikia "basi" yake mara elfu, ya kutosha chakula, ya kuzima redio. Hii haikuwa mojawapo. Akainua kidole kimoja. Sauti ya kwanza.

"Lete kalamu," Mzee akaniambia.

"Sijui nota, Mzee."

"Na mimi sioni karatasi. Ni herufi saba tu. Huko shule ya Kiingereza hawajawafundisha herufi?"

Tumepata mstari mmoja. Baba akachoka.

Aprili 12, Jumapili

Miezi mitatu. Mtu amekaa dirishani miezi mitatu anatuimbia, sisi tunamfunika blanketi. Nimepiga mto hadi mshono ukafumuka.

Aprili 15, Jumatano

Nimejifunza zote saba. Fa ni kidole gumba kinachoangalia chini. La ni mkono ulioning'inia kama nguo mbichi. Nafanya chini ya dawati. Madam kaniuliza kama naumwa.

Aprili 18, Jumamosi

Nimemwambia. Nilipanga kusema vizuri, kwa mpangilio. Ilitoka hivi: "Baba ni mimi nilifuta siyo Derick ni mimi." Derick alikuwa mlangoni. Akasema, "Sia, acha," nikasema siachi.

Baba aliniangalia kwa jicho moja kali na moja lililolegea. Ngumi ikafunga. Nikangoja mi, nikangoja so, haikuja nyingine. Ilibaki imefunga vile vile.

Hiyo haikuwa doh.

Nilikaa pale pale. Nilijua nikiondoka sitarudi. Kisha akaifungua, akapiga mkono wa kiti mara mbili, akaelekeza kidole kwenye daftari.

Aprili 21, Jumanne

Nimerudishiwa mradi. Madam ameandika kwa wino mwekundu kwamba kazi yangu imepangwa vizuri na haina vitu visivyohitajika.

Mei 2, Jumamosi

Ni mkorofi. Nitaliandika hilo kwa sababu watu wote wakija wanasema maskini Mwalimu, mpole Mwalimu. Nikikosea vinukta anapiga kiti. Nikimwomba arudie anageukia dirisha. Nikitaka kupumzika yeye hataki, nikitaka kuendelea amelala. Leo amekataa mstari tulioumaliza Jumatano, "hapana, hapana", akaubadilisha wote, kisha akaurudisha ulivyokuwa. Nimetoka nje nikasimama mvuani nikamtukana kimoyomoyo kwa lugha mbili. Derick akanifuata na mwavuli.

"Na mimi alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Kwenye hesabu. Unadhani kwa nini nilienda kusoma mbali?"

Akaniambia amefuta filamu zote. Sikumwomba. Kabakiza moja.

"Ya mwisho?" nikauliza.

Tulicheka vibaya, mpaka Mama akachungulia.

Mei 9, Jumamosi

Sauti ya kwanza imetimia. Ya tatu imetimia. Ya pili ndiyo tatizo, inajificha katikati ya nyingine, na Baba mwenyewe anaanza kuipoteza. Anaonyesha, anasita, anasema hapana. Mwisho akaweka kidole chake kwenye koo langu.

Nilijua anachotaka. Nikajifanya sijui. Nikasema nimwite Mama Namelok. "Hapana." Nikasema nimpigie Mzee Ndesanjo. "Hapana." Akagonga koo langu tena, kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Nikasema, "Unakumbuka nilichofanya mara ya mwisho uliponisimamisha?" Nikasema kwa sauti kubwa kabisa. Sijawahi kumpigia Baba kelele maishani mwangu. "Watu walicheka mwaka mzima. Ukaniacha nisimame pale na maji yakinitiririka miguuni, ukaendelea na wimbo."

Jicho lake zima likajaa maji. Lile jingine hulengalenga siku zote, halihesabiki.

"Basi," akasema. Ilikuwa ndogo sana.

Nikaimba. Vibaya. Nota tatu. Akatikisa kichwa, akateremsha mkono kidogo. Nikashuka. Akatulia. Ikawa ndiyo hiyo. Tumekwenda hivyo, nota kwa nota, hadi Mama akarudi kutoka dukani akasimama mlangoni na mfuko wake, haingii ndani.

Mei 16, Jumamosi

Beti la pili, ambalo lina tuni yake, halikurudi; tunalo la sauti ya nne tu. Amejaribu siku nne. Leo ameonyesha mkono mtupu, kiganja juu. Alilitunga Desemba, na Desemba ilikuwa kabla ya kiharusi.

Mei 21, Alhamisi

Mazoezi. Wanawake wa sauti ya pili hawaishiki, wanateleza kwenda ya kwanza. Mama Namelok kasema, "Sia, hii wewe ndiye unayeijua. Utasimama nao." Nikasema siwezi. Akasema, "Mwanangu, nani alikuuliza kama unaweza?"

Mei 24, Jumapili, Pentekoste

Nilisimama nyuma ya Mama Sumari, ambaye ni mpana, Mungu ambariki. Beti moja na kiitikio, mara mbili, kwa sababu hatuna zaidi. Nilianza kwa kutikisa midomo tu. Kisha yule wa kulia kwangu akateleza, na wa kushoto akamfuata, na sauti ya pili ikawa inakufa pale pale mbele ya watu wote, nikasikia hasira ile ile ya siku nilipopiga mto, na ya siku niliposimama mvuani. Hapana. Siyo tena. Nikaimba. Waliirudia kutoka kwangu mmoja mmoja.

Baba alikuwa mstari wa mbele kwenye kiti chake. Mkono wa kushoto ulikuwa juu, unaongoza. Hakuniangalia hata mara moja. Alikuwa anawaangalia sauti ya tatu, walichelewa.

Baada ya ibada mchungaji aliwashukuru wote walioufanikisha wimbo. Watu wakaja kunishika mkono. Sikumjibu hata mmoja vizuri. Nyimbo sabini na moja nimeziharibu, tumeandika upya nusu ya mmoja, na wananipa hongera.

Mei 25, Jumatatu

Likizo. Mvua imekata, mlima umetoka, mweusi na karibu kabisa kana kwamba umesogezwa usiku.

Nimetengeneza folda mpya. Mawe sauti ya kwanza. Mawe sauti ya pili. Mawe sauti ya tatu. Mawe sauti ya nne. Nimeandika kwa maneno, hakuna namba. Nimeweka kwenye flashi mbili, kwenye simu ya Derick na kwa Mama Namelok.

"Sasa si unajaza nafasi?" Derick akasema. Nikamrushia kandambili.

Kisha nikaangalia ule mstari wa kuonyesha ukubwa. Karibu wote ni mweupe. Machi niliufurahia. Leo nimekaa nikiuangalia na sikuweza kufunga kifuniko.

Baba akagonga kiti. Nikamsogezea daftari la Mawe, nikidhani beti la pili limemrudia. Akalisukuma. "Hapana." Akaelekeza kidole kwenye daftari jipya, lile ambalo sijaandika kitu.

"Wimbo gani, Baba? Njia Panda?"

"Hapana." Ni mpya.

Akainua kidole kimoja. Sauti ya kwanza.

"Basi," akasema, na mkono ukafunga.

Nikaandika d.